Ratiba ya Mazoezi ya Mbio Ndefu: Kuichagua na Kuifuata bila Kuumia

Mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 46 anafika kliniki ya shinikizo la damu akichechemea. Wiki saba kabla ya mashindano alijiandikisha kukimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21.1. Alipata katika simu yake ratiba ya mazoezi ya wiki 16, na kwa kuwa wiki zilizobaki zilikuwa saba tu, akaanzia wiki ya kumi. Jumapili ya kwanza alikimbia kilomita 13. Wiki ya tatu mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ukaanza kuuma. Alinunua vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa, akaendelea. Sasa ana swali moja tu: akiongezewa dawa ya maumivu, ataweza kumaliza mbio?

Mwalimu huyu ni mfano wa kufikirika, lakini wahudumu wa afya wengi watamtambua. Mbio za barabarani zimeenea katika miji ya Tanzania, na watu ambao hawakuwahi kushiriki michezo tangu shuleni sasa hujiandikisha pamoja na wafanyakazi wenzao. Jambo hili ni jema kwa afya ya jamii. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150. Anayejiandaa kwa mbio ndefu hufikisha kiwango hicho bila shida. Hatari haimo katika mbio zenyewe. Imo katika kuziendea kwa pupa, kwa ratiba isiyolingana na mwili wa anayeifuata.

Asili ya ratiba za mazoezi

Wazo la kugawa mazoezi katika vipindi vinavyofuatana lilipata umaarufu kupitia kocha Arthur Lydiard wa New Zealand. Wanariadha wake walijenga kwanza msingi wa ustahimilivu kwa kukimbia umbali mrefu kwa mwendo wa kadiri, kisha wakaongeza mazoezi ya vilima, na mwishoni mazoezi ya kasi. Katika Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960 wanafunzi wake wawili, Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000, walishinda medali za dhahabu.

Kwa wasomaji wa fani ya afya, sehemu nyingine ya habari hiyo ina uzito zaidi. Lydiard aliwahimiza pia watu wa makamo wa Auckland kukimbia polepole, wakiwamo waliokuwa na maradhi ya moyo. Kocha wa Marekani Bill Bowerman aliwatembelea mwanzoni mwa miaka ya 1960, akashangaa kuona wazee wakimudu mwendo uliomshinda yeye. Aliporudi kwao alishirikiana na daktari wa moyo, Waldo Harris, kutayarisha kitabu cha mazoezi ya kukimbia polepole kilichochapishwa mwaka 1967. Tangu awali, basi, ratiba haikuwa chombo cha mabingwa peke yao. Ilikuwa pia njia ya kumpa mtu wa kawaida kipimo anachokimudu na kukiongeza taratibu.

Kwa nini mwili unahitaji muda

Viungo vya mwili havizoei mazoezi kwa mwendo mmoja. Anayeelewa jambo hili ameelewa msingi wa ratiba yoyote iliyo nzuri.

Damu na moyo hubadilika mapema. Ndani ya wiki moja hadi mbili za mazoezi, ujazo wa maji ya damu huongezeka, na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Baada ya wiki kadhaa, mitokondria ndani ya misuli, ambazo ndizo zinazotoa nishati kwa kutumia oksijeni, huongezeka pia. Mkimbiaji huhisi pumzi imekuwa nyepesi, na barabara iliyomtesa mwezi uliopita sasa anaipita akizungumza.

Mifupa na kano huchelewa. Mfupa unapopata mzigo mpya, chembe maalumu huanza kwa kuondoa sehemu zilizochakaa, kisha chembe nyingine hujenga mfupa mpya mahali pake. Mzunguko huo huchukua miezi kadhaa, na kati ya ubomoaji na ujenzi kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzoni. Kano ya kisigino nayo hujiimarisha kwa miezi, kwa sababu hupata damu kidogo kuliko misuli.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mkimbiaji mpya hufika wiki ya nne au ya sita akiwa na pumzi ya kutosha kuongeza umbali maradufu, ilhali mifupa yake bado iko katika kipindi cha udhaifu. Pumzi humwambia aende. Mfupa haumwambii kitu mpaka umeanza kupata ufa. Ratiba nzuri humzuia mtu wakati anapojihisi ana nguvu, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Mwalimu aliyeanzia wiki ya kumi aliruka wiki tisa ambazo kazi yake haikuwa kumpa pumzi tu, bali kuuandaa mfupa wa muundi.

Maswali ya kujibiwa kabla ya kuchagua

Swali la kwanza linahusu afya. Mtu yeyote aliyewahi kupata maumivu ya kifua, kuzimia, au kushindwa kupumua kuliko kawaida wakati wa kazi ngumu, na mwenye ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50, anapaswa kuonana na daktari kabla ya kuanza. Vivyo hivyo mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa figo, au ugonjwa wa moyo. Shinikizo linalofikia 180/110 au zaidi mtu akiwa amepumzika ni sababu ya kuahirisha mazoezi mpaka lidhibitiwe.

Swali la pili ni kuhusu msingi uliopo. Kipimo si umbali aliowahi kukimbia mtu akiwa kijana, bali alichokifanya katika wiki nne zilizopita. Asiyeweza kutembea kwa haraka dakika 30, mara tatu kwa wiki, bila kuchoka sana, aanze na hilo kwa wiki nne hadi sita kabla ya ratiba yoyote ya kukimbia.

Swali la tatu ni idadi ya wiki zilizobaki. Wiki nane hadi kumi humtosha anayeanza kujiandaa kwa kilomita 5. Kwa nusu marathoni, anayeanza ahesabu wiki 14 hadi 16 juu ya msingi uliotajwa. Marathoni kamili ya kilomita 42.195 haifai kuwa mashindano ya kwanza ya mtu; inamfaa aliyekwisha kukimbia mara kwa mara kwa mwaka mmoja au zaidi, na hata huyo anahitaji wiki 16 hadi 20. Wiki zikipungua, kinachopunguzwa ni umbali wa mashindano. Wiki za mwanzo hazirukwi.

Swali la nne ni maisha ya mkimbiaji. Muuguzi wa zamu za usiku, mama anayenyonyesha na dereva wa magari ya mikoani hawawezi kufuata ratiba ya siku sita kwa wiki. Ratiba ya siku tatu inayofuatwa hushinda ya siku sita inayoachwa njiani. Kalenda nayo izingatiwe. Anayejiandaa kwa mbio za Kilimanjaro zinazofanyika Moshi, ambazo huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ataanza mwezi Novemba. Atapita katika mvua za vuli, safari za mwisho wa mwaka na joto la Januari. Njia ya mbio hizo ina mwinuko mrefu kuelekea Mweka, kwa hiyo aliyefanya mazoezi katika barabara tambarare za Dar es Salaam pekee atakutana na mzigo ambao miguu yake haikuandaliwa. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka. Ukiangukia ndani ya ratiba, mfungaji apunguze umbali, akimbie muda mfupi kabla ya futari au saa mbili baada yake, na asiongeze mzigo mpya mpaka mfungo umalizike.

Ratiba za mabingwa si za kuigwa. Eliud Kipchoge wa Kenya, akifanya mazoezi Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, amekuwa akikimbia takribani kilomita 200 kwa wiki. Kiasi hicho ni zao la miaka mingi ya kuongeza kidogo kidogo, kwa mtu ambaye kazi yake ni kukimbia, kula na kulala.

Mfano wa ratiba ya nusu marathoni

Ratiba ifuatayo inamfaa mtu mzima asiye na tatizo la kiafya lisilodhibitiwa, anayeweza tayari kutembea na kukimbia kwa kupokezana kwa dakika 30, mara tatu kwa wiki.

Jumatatu: mapumziko.
Jumanne: kukimbia kwa mwendo mwepesi, dakika 30 hadi 45.
Jumatano: mazoezi ya nguvu kwa dakika 20 hadi 30, hasa kuchuchumaa, kupanda ngazi na kuinuka kwa vidole vya miguu.
Alhamisi: kukimbia kwa mwendo mwepesi, dakika 30 hadi 45. Kuanzia wiki ya saba, siku hii ihusishe kilima, au vipindi vya dakika mbili vya mwendo wa haraka vikitenganishwa na dakika mbili za mwendo wa polepole, mara nne hadi sita.
Ijumaa: mapumziko.
Jumamosi: kutembea au kuendesha baiskeli, dakika 30 hadi 40.
Jumapili: mbio ndefu ya wiki.

Umbali wa mbio ndefu ya Jumapili, kwa kilomita:
Wiki ya 1 hadi ya 4: 5, 6, 7, kisha 5.
Wiki ya 5 hadi ya 8: 8, 9, 10, kisha 7.
Wiki ya 9 hadi ya 12: 12, 13, 14, kisha 10.
Wiki ya 13 hadi ya 15: 16, 18, kisha 10.
Wiki ya 16: mashindano, kilomita 21.1.

Wiki ya 4, ya 8 na ya 12 zina umbali mdogo kwa makusudi: ndizo zinazoipa mifupa na kano nafasi ya kujenga. Wiki mbili za mwisho hupunguza mzigo ili mkimbiaji afike siku ya mbio akiwa amepona uchovu. Wengi huziona wiki hizo kuwa za uvivu, wakakimbia kilomita 20 Jumapili moja kabla ya mashindano ili kujihakikishia. Mazoezi hayo hayaongezi uwezo, maana mwili hauna tena muda wa kuyatumia. Hubakiza uchovu tu.

Namna ya kuifuata

Mwendo mwepesi uwe mwepesi kweli. Kipimo chake hakihitaji saa ya gharama: mkimbiaji awe na uwezo wa kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mtafiti Stephen Seiler, aliyechunguza mazoezi ya wanariadha wa kiwango cha juu, alionesha kwamba takribani asilimia 80 ya mazoezi yao hufanywa kwa mwendo mwepesi. Wanaoanza hufanya kinyume: kila siku hukimbia kwa nguvu ya kati, ambayo ni kubwa mno kwa kupumzisha mwili na ndogo mno kwa kujenga kasi.

Kanuni ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki husemwa mara nyingi kana kwamba ni kinga kamili. Utafiti uliofanywa Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwagawa wakimbiaji wapya 532 katika makundi mawili: moja lilifuata ratiba ya wiki 13 yenye kanuni hiyo, lingine ratiba ya kawaida ya wiki 8. Katika kila kundi, takribani mtu mmoja kati ya watano aliumia. Fundisho si kwamba kuongeza taratibu hakuna maana. Fundisho ni kwamba hakuna hesabu iliyoandikwa karatasini inayoweza kuchukua nafasi ya kuusikiliza mwili.

Maumivu yanapaswa kutofautishwa. Uchovu wa misuli ya miguu yote miwili, unaotulia ndani ya siku moja au mbili, ni wa kawaida. Maumivu ya upande mmoja, yanayoonyeshwa kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, yanayozidi kadiri mtu anavyokimbia na kubaki hata usiku, yanaashiria ufa wa mfupa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa aache kukimbia. Mhudumu akumbuke kwamba picha ya eksirei inaweza kuonekana salama katika wiki mbili au tatu za mwanzo, hivyo picha safi haitoshi kumruhusu arudi barabarani.

Siku zilizokosekana hazilipwi. Aliyekosa siku mbili au tatu aendelee na ratiba ilipofikia. Aliyekosa wiki nzima arudie wiki iliyotangulia. Aliyekosa zaidi ya wiki mbili afikirie umbali mfupi zaidi. Mwenye homa asikimbie kabisa. Aliyeugua malaria amalize dozi, asubiri homa iishe, aanze kwa kutembea, na akiendelea kuchoka isivyo kawaida apimwe wingi wa damu. Mwanamke ambaye hedhi imekoma tangu aongeze mazoezi, na si mjamzito, huenda hali chakula kinacholingana na kazi ya mwili wake. Hali hiyo hudhoofisha mifupa na inahitaji uchunguzi, si pongezi kwa kupungua uzito.

Wenye maradhi ya kudumu

Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kuongeza mkojo hupoteza maji na chumvi kwa njia mbili, mkojo na jasho, na hivyo anahitaji uangalizi zaidi kipindi cha joto. Anayetumia atenololi au propranololi asipime mazoezi kwa mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa hizo huyapunguza. Atumie kipimo cha mazungumzo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya kukimbia. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale wanga kwanza. Abebe sukari au glukosi, asichome insulini katika paja kabla ya mbio, akague miguu yake kila arudipo, na amwambie mwenzake dalili za sukari kushuka.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu huwa na afya njema kwa kawaida, lakini juhudi kubwa ya ghafla katika joto au akiwa na upungufu wa maji inaweza kumletea madhara makubwa. Kuongeza mzigo taratibu ni muhimu zaidi kwake kuliko kwa mwingine.

Joto, maji na dawa siku ya mbio

Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Mkazi wa Njombe anayekwenda kukimbia Dar es Salaam alfajiri ya Januari atoe jasho mapema, au apunguze kasi.

Maji yanywewe kwa kufuata kiu. Unywaji wa kupita kiasi una hatari yake: uchunguzi wa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002 ulionesha kuwa asilimia 13 walimaliza wakiwa na upungufu wa sodiamu katika damu, na kuongezeka uzito wakati wa mbio kulikuwa miongoni mwa viashiria vyake. Mkimbiaji aliyechanganyikiwa akapewa maji mengi zaidi bila kupimwa anaweza kudhurika.

Aliyechanganyikiwa au kuanguka huku joto la ndani ya mwili likizidi nyuzi 40 ana kiharusi cha joto. Apozwe hapo hapo kwa maji baridi mwili mzima, kisha ndipo asafirishwe. Dakika za kusubiri gari bila kupozwa ndizo zinazoua.

Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zisitumike kabla wala wakati wa mbio. Figo iliyokwisha kupungukiwa damu kwa sababu ya jasho huzidi kudhurika, na onyo la mfupa hunyamazishwa wakati linapohitajika zaidi.

Jibu kwa mwalimu

Jibu rahisi ni kumwambia mwalimu aachane na mbio kwa kuwa ana umri na ana shinikizo. Akiambiwa hivyo, huenda ataacha mazoezi yote, na kliniki itakuwa imempoteza mtu aliyekwisha kukubali kutoka jasho. Jibu la pili, la kumwongezea dawa, linaweza kuugeuza ufa kuwa mfupa uliovunjika.

Jibu lenye manufaa huchukua muda kidogo zaidi. Diklofenaki inasimamishwa, kwa sababu ya mfupa, figo na shinikizo lenyewe, ambalo dawa hiyo huweza kulipandisha. Shinikizo linapimwa na dawa zake zinapitiwa. Mfupa unachunguzwa, naye anapumzika kukimbia kwa wiki kadhaa, akiendesha baiskeli kama haimletei maumivu. Mwaka huu ataenda kwenye mashindano kuwashangilia wenzake. Mfupa ukipona ataanza kwa kutembea, kisha kutembea na kukimbia, kisha wiki ya kwanza ya ratiba, miezi minne kabla ya mashindano ya mwaka ujao. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kama inavyoandikwa tarehe ya dawa, na kila anapohudhuria aulizwe amefika wiki ya ngapi.